Pikapu Tatu Zisizo na Kelele

Kwa miaka mingi, waumini wa kanisa letu pale Bahati walimjua Cheruto kwa mgongo wake. Katikati ya wiki ungemwona uso kwa uso, maana yeye ndiye mwenye kinu cha stima cha kusaga mahindi karibu na stendi ya boda boda, na ukipeleka debe lako alikupokea akiwa mweupe wa unga mpaka kope. Lakini Jumapili, akishavaa gita ya umeme ya kanisa, aligeuka akatazama dirisha la kushoto, na hapo hageuki tena mpaka baraka ya mwisho.

Nje ya dirisha hilo hakukuwa na mandhari ya kumvutia mtu. Palikuwa na zizi la jirani, na ndani ya zizi ng'ombe wawili, mmoja mweusi na mmoja mwekundu. Cheruto alimtazama yule mweusi.

Sababu yake haikuwa ya kiroho. Nyuma ya kanisa kuna nguzo yenye transfoma, na gita ile ilikuwa inavuma. Akielekea mimbari, spika ilinguruma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Akijizungusha kidogo kidogo kuelekea dirishani, mvumo ulipungua, na akimpata ng'ombe mweusi katikati ya dirisha kabisa, ulikuwa karibu kwisha. Akiteleza kidogo akamtazama mwekundu, nyuki wanarudi. Basi alisimama hapo, na hapo ndipo miaka ilipomkuta.

Hakuna aliyemuuliza. Mhubiri mmoja mgeni kutoka Molo alimwona, akaacha mahubiri aliyokuwa ameandaa, akahubiri juu ya dada huyu anayempigia Mungu gita bila kutafuta kuonekana na wanadamu. Jumapili iliyofuata wapiga kayamba nao waligeukia dirisha. Kwaya ikafuata. Mchungaji akabaki peke yake anatazama watu, akaonekana kama mwenye kiburi, na baada ya muda naye akawa anasoma matangazo akiwa amegeukia huko huko. Jirani mwenye zizi alikuja kulalamika kwamba hawezi kukamua kwa amani, kanisa zima likimkazia macho.

Cheruto alijaribu kueleza. "Ni stima tu," alisema. "Gita inavuma nikigeuka." Watu wakatikisa vichwa kwa upole, wakasema ona vile hataki hata kusifiwa.

Alichotaka yeye ni kimya. Kinu kilimpigia kelele wiki nzima mpaka akilala alisikia masikio yake yakisaga. Jumapili alitamani muziki peke yake, bila kitu kingine chini yake. Ndipo siku moja akaifunga gita kwa shuka, akaipeleka Nakuru mjini, mtaa wa Bondeni, kwa fundi wa redio na spika aitwaye Hafiz.

Hafiz aliiunganisha, akaisikiliza akiwa amefumba macho, akaigeuza huku na huku.

"Gita yako haina ugonjwa, mama," alisema. "Pikapu yake ndiyo ilivyo. Hii hapa chini ya nyuzi, waiona? Ni sumaku iliyozungushiwa waya. Inasikia nyuzi, lakini inasikia stima pia. Haichagui."

"Kuna yenye inachagua?"

"Zipo. Unaweka koili mbili, moja imezungushwa kinyume cha mwenzake. Zote zasikia stima, lakini zabishana mpaka kelele inakufa. Muziki wabaki."

Cheruto aliinamia gita. "Na zinaendelea kubishana huko ndani?"

"Daima. Lakini wewe husikii kitu."

Hafiz alikuwa na aina mbili za kuagizwa. Ya kwanza koili zake zilikaa moja juu ya nyingine. Ya pili zililala sambamba, nyembamba kama visu viwili kwenye ala moja. Ya tatu aliizungusha mwenyewe kwa waya wa feni iliyokufa, na alikiri kwamba koili zake hazikutoka sawasawa, kwa hiyo ubishi wao haukuisha wote. Alimwambia achukue zote azijaribu kanisani, chini ya transfoma ile ile, maana dukani kila kitu husikika kizuri. Ili asilazimike kulehemu kila mara, alikata tundu nyuma ya gita, pikapu ikawa inaingia na kutoka kama trei ya mkate kwenye tanuri. Cheruto alirudi Bahati na gita mgongoni na pikapu tatu ndani ya mkebe wa biskuti.

Gita ni mali ya kanisa, na mali ya kanisa haibadilishwi bila watu kukubali. Basi jioni hiyo akarekodi sauti kwenye kundi la WhatsApp la waumini.

"Bwana asifiwe. Jumamosi naleta hapo uwanja wa kanisa pikapu tatu, hazina kelele hata kidogo. Tutazijaribu moja moja tuchague ile inafaa. Hiyo ya zamani tuachane nayo, imetusumbua vya kutosha. Mwenye nafasi akuje asikie mwenyewe."

Sasa, Bahati pikapu ni gari. Ni gari la kubeba kabeji, na gari ambalo kila mtu alilifikiria mara moja ni la Kiptanui, mume wa Cheruto. Kiptanui alibeba kabeji na viazi vya majirani kila alfajiri kupeleka soko la Nakuru. Sailensa ya pikapu yake ilidondoka barabara ya Solai na hakurudi kuitafuta. Ikiwashwa, mbwa waliacha kubweka kwa sababu hawakusikika. Ikipita karibu na kanisa, mchungaji alisimamisha sala, akangoja, akaendelea kutoka pale alipoachia.

Amina zilimiminika kwenye kundi. Mtu akaandika kwamba Mungu amesikia kilio cha wengi. Mwingine akasema hata kuku wake sasa watataga. Cheruto alizisoma akiwa kitandani, akashangaa kuona jinsi watu walivyokuwa wakiumia kimya kimya kwa sababu ya gita.

Kiptanui alizisoma kesho yake sokoni, akiwa ameegemea pikapu yenyewe. Alicheza ile sauti ya mke wake mara kadhaa. Ni mtu asiyependa maneno. Alirudi nyumbani, akanawa, akaketi kula, na chakula kilipokaribia kwisha ndipo akauliza.

"Hiyo ya zamani, umeamua tuachane nayo."

"Nimechoka nayo, Baba Kimberly."

"Ilikukosea nini?"

"Kelele. Unaigeuza hivi, kelele. Unaigeuza hivi, kelele. Hata mtu hawezi kuomba."

Kiptanui alichota kijiko kingine. "Imetumika vizuri lakini."

"Sikatai. Imetumika. Lakini kila kitu kinafika siku yake ya kupumzika."

"Na itaenda wapi?"

"Huko Bondeni kwa Hafiz. Atatoa waya za shaba, hiyo ingine atupe."

Kiptanui aliweka kijiko chini. Alitoka nje akaenda kukaa ndani ya pikapu, mikono juu ya usukani, bila kuiwasha. Cheruto hakuona ajabu, kwa sababu mume wake alizoea kusikilizia mpira wa redio huko.

Mzee Gedion, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa, aliona si vizuri kungoja Jumamosi bila kujua chochote. Alimfuata Cheruto kinuni. Mashine ilikuwa inasaga, ikabidi waongee kwa sauti ya juu.

"Mama Kimberly, hizo pikapu ni za mafuta ama ni hizi za siku hizi za stima?"

"Si za mafuta, Mzee. Ni sumaku na waya."

"Sumaku?"

"Sumaku."

"Na betri?"

"Hakuna betri. Kuna zingine zinataka betri, lakini hizi zangu hapana."

Mzee Gedion alisogea karibu zaidi. Akilini alikuwa na ile barabara ya kutoka Subukia, ambapo malori hupanda yakilia. "Na zinapanda?"

Cheruto aliwaza noti. "Zinapanda mpaka juu kabisa. Ile ya pili ina nguvu sana, lakini naiona nzito huku chini. Ya kwanza ni nyepesi, inapanda bila shida."

"Inatosha watu wangapi?"

"Ni ya mtu mmoja, Mzee. Lakini kanisa lote litafaidika."

"Na umeziweka wapi?"

Cheruto alinyoosha kidole nyuma yake, kwenye rafu yenye mkebe wa biskuti. Nyuma ya rafu kulikuwa na ukuta wa mabati, na nyuma ya ukuta banda kubwa lililofungwa kwa kufuli. Mzee Gedion alilitazama banda kwa heshima, akakung'uta unga mabegani, akaenda moja kwa moja kumpigia simu Kipkemei, afisa wa kilimo wa eneo letu. Alimwambia kwamba Bahati imepata magari yanayoenda kwa sumaku, hayanywi mafuta wala hayachajiwi, na kwamba mama mmoja wa kusaga unga ndiye ameyaleta. Kipkemei alisema hilo ni jambo la kuona kwa macho.

Jumamosi uwanja wa kanisa ulijaa. Watu walikuwa wamekata kabeji tangu alfajiri, wakazipanga kwa vilima mbele ya mlango. Kulikuwa na magunia ya viazi, na seti ya sofa ya mtu aliyekuwa anahamia Lanet, na kondoo mgonjwa aliyelazwa juu ya gunia apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mama mmoja alikuwa amevaa nguo za safari akitaka kushushwa Gilgil. Afisa Kipkemei alikuja na koti na utepe wa kupimia.

Cheruto akafika kwa boda boda, gita mgongoni, amplifaya mapajani, mkebe juu ya amplifaya. Alipoona umati, macho yakamlenga machozi. Hakujua watu wanajali muziki hivi. Aliona na kabeji, akadhani ni shukrani.

Alivuta waya kutoka ndani ya kanisa, akaunganisha vitu vyake, akafungua mkebe, akazipanga pikapu tatu juu ya kitambaa.

"Ndizo hizi," akasema.

Watu walitazama. Zilikuwa nyembamba kuliko kiberiti, nyeupe mbili na nyeusi moja. Upepo ulisikika ukipita kwenye kabeji.

"Hizo ni spea?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hapana. Ni zenyewe."

Mzee Gedion aliinama, akaokota moja kwa vidole viwili. Akaigeuza. Akatazama chini yake, labda kuona kama ina magurudumu.

"Ni ndogo," alisema mwishowe.

"Zote ni size moja," Cheruto alisema, "ziingie hapa chini ya nyuzi. Ya zamani ndiyo hii." Akaitoa gitani akaiweka kando ya zile zingine.

Pale watu wakaanza kuelewa, mmoja mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Kabeji zilishakatwa. Mwenye sofa alishakabidhi funguo za nyumba. Mzee Gedion alimwangalia afisa Kipkemei, na Kipkemei akamwangalia, utepe mkononi. Mwenyekiti ambaye ameita serikali hawezi kuiambia serikali irudi. Mzee Gedion alisafisha koo.

"Tulikuja kulinganisha," akasema, "na tutalinganisha. Mama Kimberly, endelea."

Cheruto alirudisha kwanza pikapu ya zamani, akafungua sauti, akaelekea mimbari. Nyuki wakajaa uwanjani. Kondoo aliinua kichwa. Kisha akazima, akachomoa, akaingiza ya kwanza, akawasha, akasimama wima na mikono juu, mbali na nyuzi.

Hakuna kilichosikika.

"Cheza basi," mtu akasema.

"Bado. Kwanza tusikie vile haina kelele."

Basi watu wakasikiliza. Wanaume walivua kofia. Akaingiza ya pili, wakasikiliza tena. Mzee Gedion alikuwa amefumba macho, kidevu juu ya bakora.

"Hiki cha pili ni kimya kizito," akasema.

"Mimi naona kile cha kwanza kilikuwa na kona kona," akasema mwenye sofa.

"Kona wapi?"

"Huku mwisho. Kilikuwa kama kinataka kusema kitu."

Mama wa Gilgil aliomba kusikia kimya cha kwanza tena, kwa sababu wakati wake mtu alikuwa amekohoa. Cheruto akabadilisha, wakasikiliza upya. Afisa Kipkemei aliulizwa maoni yake kama mtaalamu. Aliweka sikio karibu na spika, akakaa hapo muda mrefu, akainuka akasema kwamba kwa upande wa hewa na udongo wa hapa, anaona vyote viwili vingefaa. Watu waliridhika na jibu hilo.

Walikuwa wameanza kimya cha tatu, kile cha Hafiz, nao wanabishana kwa kunong'ona kama kile kivumo kidogo cha chini ni cha pikapu au ni tumbo la kondoo, wakati pikapu ya Kiptanui ilipoingia uwanjani.

Iliingia bila sauti. Kutoka barabarani mpaka kanisani ni mteremko, na injini ilikuwa imezimwa. Wapakiaji wawili wa sokoni waliisukuma kwa nyuma, wakiwa wamevua viatu. Ilikuwa imeoshwa mpaka rangi yake, ambayo wengi wetu hatukuwa tumewahi kuijua, ilionekana kuwa kijani. Kwenye eksozi, lile bomba la moshi, palikuwa pamesokomezwa gunia na kufungwa kwa waya. Kiptanui alikuwa kwenye usukani amevaa koti la harusi yake. Ikateleza ikapita kabeji, ikapita sofa, ikasimama kando ya amplifaya, na walioipa mgongo hawakujua imefika.

Kiptanui akashuka. "Nimesikia mnachagua pikapu isiyo na kelele," alisema. "Na hii pia haina."

Cheruto alitazama koti. Alitazama gunia la eksozi, na wale watu wasio na viatu. Kisha akatazama kabeji zote zile kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza, na mambo yote ya wiki ile yakampanda kichwani kwa pamoja: amina, maswali ya Mzee, na mume aliyeweka kijiko chini.

Akaokota pikapu ya zamani kwenye kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha Kiptanui.

"Baba Kimberly, pikapu ni hii."

Kiptanui aliitazama. "Hii ndiyo ulisema umechoka nayo?"

"Ndiyo hii."

"Si hiyo yangu?"

"Hiyo yako pia nimechoka nayo," Cheruto alisema. "Lakini hiyo sikuwa nimeiitia mkutano."

Kiptanui aliendelea kushika kile kitu kidogo. Alisema polepole kwamba alikuwa amefikiria Hafiz ni mtu wa kununua vyuma. Alikuwa amekosa usingizi. Cheruto akamkung'uta koti begani, ingawa halikuwa na vumbi, na aliyekuwa na unga ni yeye.

Mtu mwingine angefunga mkutano hapo. Mzee Gedion hakuufunga. Alishauriana na afisa Kipkemei pembeni, wakarudi, akatangaza kwamba kwa kuwa tangazo lilisema pikapu zisizo na kelele, na hii imeletwa mbele ya mashahidi bila kelele, kamati haina sababu ya kuikataa. Itasikilizwa kama zingine. Tukazunguka pikapu ya Kiptanui, wanaume kofia mkononi, tukaisikiliza ikiwa imezimwa, kwa muda ule ule tuliowapa wenzake. Kipkemei aliweka sikio kwenye boneti. Hata yule mwenye sofa alikiri kwamba kimya hiki hakikuwa na kona. Afisa akatoa utepe, akapima sehemu ya kubebea mizigo, akasema hii inazishinda zile zingine mbali.

Basi ikashinda. Watu wakapakia kabeji, viazi, na sofa juu yake. Mama wa Gilgil akapewa kiti cha mbele. Kondoo akawekwa juu ya sofa. Kiptanui akaingia, akamtazama mkewe kupitia dirishani, mkewe akaitikia kwa kichwa, akawasha.

Gunia lilichomoka eksozini kama risasi, likapita juu ya uwanja, likatua zizini. Mlio uliofuata uliwafanya wengi washike masikio. Kondoo, ambaye alikuwa hasimami tangu Jumatatu, aliruka kutoka kwenye sofa mpaka chini, akakimbia kupitia kwenye mahindi ya jirani, na hakuugua tena. Watu walipiga makofi.

Kuchagua kati ya zile tatu ndogo kukabaki kwa Cheruto mwenyewe, maana kamati ilisema imemaliza kazi yake. Alizijaribu ibadani, Jumapili baada ya Jumapili. Ya kwanza ilikuwa safi, ila aliiona kama chakula kisicho na chumvi. Ya pili ilikuwa nene, na kwenye nyuzi za chini ilifunika kwaya yote kama blanketi. Lakini shida yao kubwa ilikuwa nyingine. Stima ya Bahati hupotea bila kuaga. Zamani ikipotea nyuki waliondoka, naye akajua. Sasa, na pikapu isiyovuma hata kidogo, stima ilienda katikati ya wimbo wa sadaka, ngoma na kayamba zikaendelea, na Cheruto akapiga beti zote zilizobaki, na kipande kirefu cha peke yake katikati, bila sauti yoyote kutoka kwenye spika; yeye alisikia nyuzi chini ya vidole vyake. Alipomaliza aliona kimempendeza sana. Jepchumba, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyemwambia.

"Mama Kimberly, leo hukupiga?"

Ndipo akaichagua ya Hafiz. Ina kivumo kidogo chini kabisa, kama mtu anayepumua chumba cha pili, na hicho kinamtosha kujua kama stima ipo. Alipanda pikapu ya mume wake, wakazirudisha zile mbili Bondeni. Hafiz alimuuliza kwa nini ameacha za kiwandani akachukua yenye kasoro, naye akamweleza, na Hafiz akasema hilo hajawahi kulisikia, ila ataanza kuwaambia wateja.

Kwa hiyo sasa Cheruto anaweza kusimama anavyotaka. Jumapili ya kwanza aligeuka akatutazama. Alitabasamu. Akaanza kupiga, na alipofikia noti za juu tukaona jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa amelijua. Jicho moja lilifumba. Mdomo ulienda upande wa sikio ukarudi. Meno ya chini yakatoka mbele, shingo ikakaza mishipa, na uso wote ukajikunja kama wa mtu aliyekanyaga kaa la moto akiwa amebeba ndoo ya maji na hawezi kuiacha.

Mchungaji alisimama nusu. Wapiga kayamba walipoteza mdundo. Wimbo ulipokwisha, uso wa Cheruto ulifunguka ukarudi kawaida, akatabasamu tena. Baada ya ibada Jepchumba alimletea maji moto yenye tangawizi.

"Ni tumbo ama ni jino?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Niko sawa."

"Sisi ni wanawake. Niambie tu."

Cheruto aliondoka hajaelewa. Garini alimuuliza Kiptanui, akalazimika kupiga kelele, kwa sababu ya eksozi. Kiptanui alishangaa kwamba hajui. Alisema amefanya uso huo tangu alipomfahamu, kila akishika gita, na kwamba ni uso ule ule aliokuwa nao akimzaa Kimberly. Alidhani anafanya kwa kupenda.

Jumapili iliyofuata alijaribu kuuzuia. Aliukaza uso ukatulia kama picha ya kitambulisho, na vidole navyo vikatulia. Noti zilitoka zimekufa. Akaulegeza uso kidogo, vidole vikalegea kidogo. Alijaribu njia zote mpaka akakubali kwamba vitu hivyo viwili vinaenda pamoja. Mzee Gedion alimwendea kwa heshima, akapendekeza pazia. Cheruto alimwambia kwamba ametazama ng'ombe vya kutosha, na sasa anataka kutazama watu, na watu wakitaka wafumbe macho, kanisani inaruhusiwa.

Tumezoea. Kiptanui, ambaye zamani alisikilizia ibada nje ndani ya gari, sasa hukaa benchi la mbele. Wageni ndio huwa hawajui.

Juzi alikuja mama mmoja mzee kutoka Solai, kumtembelea binti yake, akakaa mbele. Kwaya ikaimba, Cheruto akaanza kile kipande chake, uso ukaanza safari yake. Yule mama aliangalia kushoto na kulia, akaona hakuna anayemsaidia mgonjwa. Akainuka, akaweka mkoba kwenye kiti, akapanda jukwaani. Akamshika Cheruto mabega yote mawili kutoka nyuma, akamkumbatia kwa nguvu, shavu lake mgongoni kwake.

Cheruto hakuacha kupiga. Alikuwa ameshaingia ndani ya wimbo na hakuona njia ya kutoka. Akaendelea mpaka noti za juu kabisa, mama mzee amemng'ang'ania, wote wawili wakiyumba pamoja kushoto na kulia, na kwaya ikafuata kuyumba kwao. Kipande kikaisha. Uso ukafunguka. Yule mama akamwachilia, akamgeuza, akamchunguza.

"Pole," akamwambia. "Sasa imetoka?"

"Imetoka, mathe," Cheruto akasema. "Asante."

Mama akamfuta jasho kwa ncha ya leso yake, akarudi kwenye kiti chake, akachukua mkoba.